Spika ya Arua na Spika ya Koboko

Wazee waliokuja kugawa vitu vya baba walikuwa watu wa haki, na haki yao ndiyo iliyotuharibia kila kitu. Shamba na ng'ombe viligawanywa kwa sheria ya dini, hapo hakuna aliyegombana. Lakini vyombo vya ndani walisema vigawanywe sawasawa, nyumba ya Arua na nyumba ya Koboko, kwa sababu baba alikuwa na wake wawili na wazee hawakutaka kusikia mtu analalamika. Viti sita: vitatu kwetu, vitatu kule. Birika likaenda Koboko, vikombe vikabaki Arua. Santuri walizihesabu moja huku, moja kule, kama karata. Gramafoni ikaenda Koboko, amplifaya ikabaki kwetu. Na zile spika mbili kubwa za mbao, ambazo baba alizinunua Bunia kwa Mzungu wa misheni aliyekuwa anarudi kwao, zikapata hukumu ileile. Ya Koboko ilikuwa na mkwaruzo ubavuni, basi wakaongeza sufuria moja juu yake ili mizani ikae sawa.

Wallahi, hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nilikuwa pale, mtu mzima mwenye akili zangu, nikaona wamefanya jambo la busara. Tangu siku hiyo hakuna nyumba iliyosikia muziki, maana kila nyumba ilikuwa na nusu ya kitu. Amplifaya yetu tuliiuza kwa muuza vyuma. Spika tukaifanya meza ya televisheni.

Mama yangu alipofariki, nyumba yetu ya Dadamu, hapo nje kidogo ya mji wa Arua, ikabaki kwangu, na spika ikabaki na mimi. Sitajisifu kuwa niliitunza. Juu yake kulikuwa na alama za vikombe vya chai, moja juu ya nyingine, na wanangu walipokuwa wadogo waliichoma mbele kwa kijiti mpaka kitambaa kikatoboka. Mende walizaliana humo ndani. Nilikuwa nikipiga dawa, nikisikia wanavyokimbia kwenye mbao, nasema: kitu hiki siku moja nitakipasua kuni.

Sasa nieleze shida yangu, maana bila shida mtu hachungulii chini ya televisheni. Ninauza vitenge Arua. Kwa miaka mingi nimeuza kwenye baraza la duka la mtu mwingine, na baraza halina mlango. Mvua ikija na upepo, ninakusanya vitenge mikononi kama mama anayekusanya watoto, na bado vile vya pembeni vinalowa. Kitenge kilicholowa na kukauka kina mkunjo ambao mteja anauona akiwa bado ng'ambo ya barabara. Basi mwaka huu jirani yangu mmoja alikuwa anahamia Juba, akasema chumba chake cha duka, chenye mlango wa chuma na rafu, ataniachia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Kilemba cha kuachiwa chumba, milioni tatu. Mwisho wa mwezi.

Milioni tatu! Mimi? Nilikuwa na laki sita na mdomo mrefu.

Wiki hiyohiyo televisheni ikakata sauti. Nikamwita fundi wa redio anayekaa jirani na baraza langu, Mkongo mmoja mpole, mwenye nyumba yake Pajulu, anayeongea na redio mbovu kana kwamba ni wagonjwa. Alifika, hakuitazama televisheni hata kidogo. Alichuchumaa mbele ya kile kilichokuwa chini yake.

"Mama, hii kitu unajua ni nini?"

"Ni meza."

"Meza! Toa televisheni. Toa haraka."

Aliigeuza, akapuliza vumbi, mende wawili wakatoka wakakimbilia kabatini, nikaona aibu. Akafungua skrubu za nyuma. Alichukua betri ndogo ya saa ya ukutani na waya mbili, akagusisha. Ile karatasi ya duara iliyo ndani ikaruka mbele kidogo na kukwaruza, kwaruu. Akagusisha tena. Akanionyesha kila kitu kwa utaratibu: mbao ni mbao ya kweli, si unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, sumaku ni nzito kuliko jiwe la kusagia, karatasi ni ileile ya kiwandani, haijabadilishwa na fundi yeyote, na nyuma kuna namba imepigwa kwa muhuri wa moto. Kuna watu Kampala, alisema, wana pesa na wana wazimu, wanatafuta spika kama hizi kuliko wanavyotafuta wake.

Akapiga picha, akazituma kwa mtu anayemjua. Jibu lilikuja kabla sijamaliza kuchemsha chai. Mtu wa Kampala hakuuliza bei, hakuuliza hali. Aliuliza mwenzake iko wapi.

"Akipata zote mbili, na namba zikifuatana, anatoa milioni nne," fundi alisema. "Hii moja peke yake, laki mbili."

Nilipandwa na hasira. "Nusu ya milioni nne ni milioni mbili! Huyo mtu alisoma shule gani?"

"Mama, ukiwa na kiatu kimoja, unauza nusu bei?"

Nikampa chai.

Usiniulize kama nililala. Mwenzake ilikuwa Koboko, kwa mama mdogo, mke wa pili wa baba. Mama yangu hakumtaja mwanamke huyo kwa jina hata siku moja. Alimwita "yule wa kule", na sisi tukakua tukimjua hivyo, kama mtu asiye na uso. Mama alipofariki, yule wa kule alinipigia simu kunipa pole. Nilimjibu maneno mawili nikakata. Sasa nilikuwa namhitaji, na kichwa changu kikaanza kunipangia maneno mazuri. Mwanamke mzee, anakaa peke yake, spika ya nini? Hajui bei yake. Nikimpa laki moja atafurahi mwezi mzima. Nitamwambia naitaka kwa kumbukumbu ya baba. Hilo neno "kumbukumbu" nililipenda sana. Nililirudia mwenyewe nikikunja vitenge, likawa linatoka laini kabisa.

Nilikwenda siku ya Jumatano, na sukari kilo mbili, sabuni mche mmoja, na uongo wangu.

Nilimkuta barazani akidarizi shuka, miwani imefungwa kwa uzi. Alinitazama muda mrefu.

"Wewe ni mtoto wa Arua," akasema. "Una paji la uso la baba yako. Karibu. Watoto iko salama?"

Alinipikia. Sikumwomba, na nilitaka kumaliza haraka, lakini mwanamke wa Kinubi hakuachi uondoke na tumbo tupu hata kama umekuja kumwibia. Akachoma gurusa, chapati zetu za maji, kwenye kikaango, nyembamba, moja baada ya nyingine, akanimiminia chai kutoka kwenye birika nililolitambua. Lilikuwa birika letu. Lilikuwa linang'aa kuliko lilivyowahi kung'aa kwetu.

Spika ilikuwa ukumbini, pembeni mwa dirisha, mbali na jua. Juu yake kulikuwa na kitambaa alichokidarizi mwenyewe, maua mekundu na mpaka wa kijani. Hakuna kikombe juu yake, hakuna alama, hakuna tundu. Ule mkwaruzo wa ubavuni aliupaka mafuta ya nazi mpaka ilibidi uutafute kwa kidole. Miaka yote hiyo alikuwa akifuta vumbi kitu ambacho hakikumpigia hata wimbo mmoja.

Nikasema maneno yangu. "Mama mdogo, nimekuja na ombi. Ile spika. Ningependa niwe nayo nyumbani, kwa kumbukumbu ya baba. Nitakupa laki moja."

Aliweka kikombe chini. Nikafikiri: ameshtuka, atataka laki mbili, nitafika laki na nusu, nisiende zaidi.

"Mtoto anauziwa kitu cha baba yake?" akasema. "Chukua. Weka pesa yako."

Akainuka, akaenda ukumbini, akaifuta tena kwa kitambaa kilekile. Halafu akafungua sanduku, akatoa santuri zake zote, zimefungwa kwenye gazeti, akaziweka juu ya spika. Akaleta na gramafoni.

"Chukua na hizi. Peke yake haitasema kitu. Mimi nimekuwa nikiogopa, nikifa vitaingia mikononi mwa watu nisiowajua. Sasa nimepumzika, Alhamdulillahi. Umefanya vizuri kumkumbuka."

Hapo ndipo niliposhindwa. Mtu mwingine angelia, mimi nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, kwa wema wake, kwa lile gazeti alilolifunga vizuri kila kona. Ninajijua: nikiona aibu, mdomo unakimbilia ugomvi.

"Usinipe!" nikapaza sauti. "Mama, usinipe vitu hivyo! Hakuna kumbukumbu. Ninaiuza. Kuna mtu wa Kampala anatoa milioni nne kwa zote mbili. Mimi nilitaka kukupa laki moja nichukue zilizobaki. Haya, sasa umejua!"

Jirani aliyekuwa akichota maji akasimama na ndoo yake kusikiliza.

Mama mdogo alichukua gramafoni akairudisha ndani. Akachukua santuri akazirudisha sandukuni, akafunga. Akarudi akasimama mbele yangu, na nilikuwa nimesahau kwamba mtu mfupi hivyo anaweza kukutazama kutoka juu.

"Mama yako alinichukia," akasema, "lakini hakuwahi kunidanganya. Toka kwangu."

Nikatoka. Nilitembea mpaka stendi, nikakaa kwenye benchi ya muuza maji, nikampigia fundi nikamwambia amwambie mtu wa Kampala asije. Fundi akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu mimi ni mpumbavu. Akasema pole mama, kwa upole ule wake wa kuongea na redio. Nilifikiria chumba chenye mlango wa chuma, na nilijisikia nimekosa vyote viwili, mali na utu, kwa safari moja.

Gari lilikuwa bado watu wawili lijae niliposikia mtu wa bodaboda akigombana na abiria wake. "Mama, shuka taratibu, itaanguka!" Nikageuka. Alikuwa ni yeye, nyuma ya pikipiki, amevaa gauni lake la kutokea, ameikumbatia spika mapajani na kitambaa chake cha maua juu. Alishuka bila kukubali msaada wa mtu. Akaja mpaka kwenye benchi.

"Songa," akasema.

Nikasonga. Akakaa, akahema, akajifuta uso.

"Mwizi akijitaja mwenyewe anabaki nusu mwizi. Hiyo nusu nyingine naenda kuilinda kwa macho yangu. Huyo mtu anakuja lini?"

"Nimemwambia asije."

"Mwambie aje."

Njia nzima aliipakata spika yake. Tulipofika Dadamu alichungulia nyumba yangu, akaona ile spika ya kwetu, akaona alama za vikombe na tundu la kijiti. Aligusa tundu kwa kidole. "Ee Mola," akasema, si kwangu. Nilimpa kitanda changu, nikalala na mwanangu.

Mtu wa Kampala alifika kesho yake mchana, na blanketi nne garini na tochi kichwani kama mchimba dhahabu. Fundi aliziweka spika mbili sebuleni, ubavu kwa ubavu. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa pamoja tangu wazee wazitenganishe, na ungedhani yangu ni bibi na yake ni mjukuu. Mtu wa Kampala alipiga magoti nyuma ya spika, akasoma namba. Moja iliishia na nne, nyingine na tano. Akasema "aaa" kwa sauti ya mtu aliyekunywa maji baada ya mfungo. Kisha akaanza kutafuta kasoro, na hakulazimika kutafuta sana. Fundi alikuwa amekuja na amplifaya yake. Wakazisikiliza, kichwa upande, hii, halafu hii. Ya Koboko ilikuwa safi. Yangu ilikuwa na kikohozi.

"Hii ni nzuri sana," akasema, mkono juu ya ile ya mama mdogo. "Kwa hii natoa milioni mbili na nusu. Hii nyingine imeharibiwa. Laki saba."

Nilitaka kuingia chini ya zulia. Kumbe ile niliyokwenda kuiiba ndiyo iliyokuwa na thamani, na yangu ndiyo ilikuwa inaivuta bei chini. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiweka televisheni juu ya pesa yangu mwenyewe.

Mama mdogo alivua miwani. "Bwana mkubwa, samahani. Ukiichukua hii yangu peke yake, unatoa ngapi?"

"Peke yake? Laki mbili, labda tatu."

"Basi hiyo milioni mbili na zaidi haitoki kwangu. Inatoka kwa huyu mwenye kikohozi. Bila yeye, hii yangu ni meza. Usimtukane halafu ukamchukua. Sema bei ya wawili."

Fundi alitazama dari ili asicheke. Mtu wa Kampala akasema milioni tatu na laki mbili. Mama mdogo akaanza kukunjua kitambaa chake cha maua, taratibu, kuifunika spika. Milioni tatu na laki nne. Akafunika upande wa pili. Walimaliza kwa milioni tatu na laki sita, na akaongezewa nauli ya kurudi Koboko. Tangu nianze kuuza vitenge sijaona mtu akipandisha bei kwa kitambaa.

Mtu wa Kampala aliondoka na spika zake ndani ya blanketi, anaendesha polepole kana kwamba amebeba mayai. Sisi tukakaa na pesa mezani. Nikamwambia mama mdogo achukue milioni mbili na nusu, maana ndiyo bei ya ile yake. Nilisema kwa moyo wangu wote, ingawa moyo wenyewe ulikuwa unauma.

"Nusu kwa nusu," akasema. "Sikuja kukufundisha hesabu."

Milioni moja na laki nane kila mtu. Akazihesabu zake mara mbili, akazifunga kwenye ncha ya kanga. Hakuniongezea hata shilingi, na sikustahili. Kilemba cha milioni tatu hakikufika. Laki sita zangu pamoja na fungu langu la spika hazikutosha, na mwisho wa mwezi chumba chenye mlango wa chuma kilichukuliwa na muuza simu. Mpaka leo niko barazani. Nimenunua turubai nzito.

Lakini siku hiyo nilikuwa bado sijajua hayo. Nilimwona anasimama, anajifunga mtandio vizuri, nikadhani anataka gari la kurudi. Nikasimama kumsindikiza.

"Haya," akasema. "Mambo ya pesa yamekwisha. Sasa nionyeshe mume wangu."

Sikumwelewa. Akalazimika kunieleza, kwa sauti ileile aliyotumia kuuliza bei. Baba alifia Arua, akazikwa kabla ya alasiri. Yeye alifika kutoka Koboko wakati wa magharibi. Kesho yake walimrudisha kwake kukaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Arobaini ilisomwa hapa kwetu, yeye akiwa ndani kule. Eda ilipokwisha akangoja kuitwa, kwa sababu mtu hajipeleki nyumbani kwa mke mwenzake kuomba kuonyeshwa kaburi. Mama yangu hakumwita. Na mama alipofariki, mimi nikampa maneno mawili nikakata simu.

Kaburi liko nyuma ya jiko langu. Hatua ishirini. Alikuwa amelala usiku mzima karibu nalo, akanywa chai yangu, akagombana na mtu wa Kampala, na hakuuliza mpaka pesa zigawanywe, ili nisije nikadhani analifanya kuwa sehemu ya bei. Wazee waligawa mpaka sufuria, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama yule mwanamke amewahi kuonyeshwa mahali mumewe alipolala.

Nilimpeleka. Alivua viatu, akatoa salamu, akaomba dua na mikono wazi, midomo inakwenda bila sauti. Halafu alifungua macho, akaona majani yalivyosimama mpaka magotini.

"Amelala kwenye pori hili, na binti yake yuko hapa?" akasema. "Leta jembe."

Niliingia jikoni kulitafuta jembe, na nililia humohumo, nimeshika mlango, kwa sauti ya kusikika. Niliporudi alikuwa amekwisha kuchuchumaa, anang'oa kwa mikono. Hakuniangalia. Nikachuchumaa upande wa pili, tukang'oa mpaka tukauona udongo.